Njia ya Kabaka na Mnara wa Malkia: Alama za Ziara za Kifalme Jijini Kampala

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tunawafundisha wanafunzi wetu tangu muhula wa kwanza, na maana yake haiwasumbui. Mgeni anapobisha hodi, ua hufagiliwa, kuku huchinjwa, na mwenyeji aliyekuwa amelala njaa naye hupata kitoweo. Muhula uliopita tuliwachukua wanafunzi wa mwaka wa pili kwa matembezi ya miguu jijini Kampala, kutoka makutano ya Clock Tower, kupitia Katwe, hadi kilima cha Mengo. Nia yetu ilikuwa ya kawaida kabisa: wakaone, kisha waandike insha ya maelezo kwa Kiswahili sanifu. Lakini tuliporudi tulikuwa na swali ambalo hatukuondoka nalo. Je, mgeni akija siku ambayo mwenyeji ameondolewa nyumbani kwake, nani hupona?

Katika makala hii tunawaeleza wasomaji wetu tulichokiona, pamoja na historia iliyo nyuma yake. Tunaamini kwamba majengo, barabara na mizunguko ya jiji hili ni kitabu ambacho wengi wetu tunakipita kila siku ndani ya teksi bila kukifungua.

Mji uliozaliwa na wafalme

Tuanze na jina lenyewe. Inaelezwa kwamba kilima kinachoitwa leo Old Kampala kilikuwa mahali walipolishwa swala wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda. Swala hao kwa Luganda ni empala, na kilima chao kikaitwa kasozi k'empala. Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipofika Desemba 1890 na kupiga kambi hapo, jina lilikuwa limekwisha kumsubiri. Kwa hiyo hata kabla ya jiwe la kwanza la serikali ya kikoloni kuwekwa, mahali hapa palikuwa pamepewa jina na shughuli za mfalme.

Vilevile, barabara hazikuanza na Waingereza. Makao makuu ya Buganda, yaliyoitwa kibuga, yalihama kutoka kilima hadi kilima kwa amri ya Kabaka: Banda, Kasubi, Rubaga, Mengo. Speke alimkuta Mutesa wa Kwanza mwaka 1862, naye Stanley akafika mwaka 1875. Wote wawili walistaajabia njia pana zilizonyooka kuelekea ikulu. Njia hizo zilikuwa na kazi maalumu. Machifu wa masaza walikuwa na makazi yao kando ya njia zinazoelekea kwenye masaza yao, na mfalme alipotoka, alitoka kwa njia hizo. Kwa maneno mengine, ramani ya mji ilichorwa kwa kufuata nyayo za mfalme anayetoka na wageni wanaoingia kumwona.

Wanafunzi wetu walifurahi kusikia kwamba miongoni mwa wageni hao walikuwamo wafanyabiashara wa pwani waliokuja na Kiswahili chao, na kwamba Mutesa wa Kwanza mwenyewe alikifahamu. Lugha tunayoifundisha iliingia Buganda kupitia lango la ikulu.

Mnara wa mwaka 1954

Tulipofika kwenye makutano ya Clock Tower tuliwauliza wanafunzi: mahali hapa pana sifa gani? Mmoja akajibu upesi, "Mwalimu, hapa ni kituo. Ukitaka kushuka unamwambia kondakta, Clock Tower." Wenzake walicheka, lakini jibu lake lilikuwa sahihi. Kwa watu wengi wa Kampala jina hilo halina habari ya saa wala ya mnara. Ni mahali pa kushukia.

Mnara wenyewe ulijengwa mwaka 1954 kwa ajili ya ziara ya Malkia Elizabeth wa Pili. Barabara inayotoka hapo kuelekea Katwe na Kibuye ikajulikana kwa jina la Queen's Way, yaani Njia ya Malkia. Malkia alitua Entebbe tarehe 28 Aprili 1954, akiwa katika hatua za mwisho za safari ndefu ya kuzitembelea nchi za Jumuiya ya Madola. Kesho yake, tarehe 29, alifungua rasmi bwawa la umeme la Owen Falls huko Jinja. Tarehe 30 aliondoka. Ziara ya siku tatu tu, lakini alama zake ni nyingi: mnara na jina la barabara Kampala, bwawa Jinja, na hifadhi ya wanyama ya magharibi iliyokuwa ikiitwa Kazinga, ambayo mwaka huohuo ilipewa jina la Malkia.

Hadi hapo hadithi ni ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji umepata saa, nchi imepata umeme. Ila tuliwataka wanafunzi watazame upande wa pili, kule vilimani Mengo, na wajiulize: siku ile Kabaka alikuwa wapi?

Kabaka hakuwepo. Miezi mitano kabla, tarehe 30 Novemba 1953, Gavana Sir Andrew Cohen alikuwa ametangaza kwamba serikali ya Uingereza haimtambui tena Kabaka Mutesa wa Pili, akamtia ndani ya ndege na kumpeleka Uingereza. Chanzo kilikuwa hotuba iliyotolewa London tarehe 30 Juni 1953 na Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, aliyedokeza uwezekano wa kuunda shirikisho la Afrika Mashariki. Waganda wakashtuka. Walihofu kwamba nchi yao ingetiwa chini ya walowezi wa Kenya. Kabaka akadai mambo ya Buganda yaondolewe katika Wizara ya Makoloni, na pia ipangwe ratiba ya kuifikisha Buganda kwenye uhuru. Gavana akasema amevunja Mkataba wa mwaka 1900, uliomtaka ashirikiane na Uingereza kwa uaminifu.

Basi Malkia alipokuja Uganda, mfalme wa nchi ambayo Kampala imejengwa ndani yake alikuwa uhamishoni katika nchi ya huyo huyo Malkia. Mgeni yuko kwa mwenyeji, na mwenyeji yuko kwa mgeni, lakini si kwa kutembeleana. Waganda wengi walikuwa katika hali ya matanga. Wanaume waliacha ndevu ziote, wakaapa kutozinyoa hadi mfalme wao arudi, na baadhi ya watu walivaa lubugo, nguo ya magome ya mti, ambayo ni vazi la msiba na la heshima ya jadi. Mnara wa saa ulisimama katika mji ambao sehemu ya watu wake walikuwa wakihesabu siku kwa sababu nyingine kabisa.

Tulipowaeleza wanafunzi haya, yule aliyesema "hapa ni kituo" alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa Mwalimu, saa hiyo ilikuwa ya nani?" Hatukumjibu papo hapo. Tulimwambia twende Mengo kwanza.

Mzunguko ambao mtu mmoja hauzunguki

Kutoka Katwe, penye mafundi wa kuchomelea na kelele za nyundo, mtu hupanda hadi Lubiri, ikulu ya Kabaka, juu ya kilima cha Mengo. Kutoka lango la Lubiri hadi Bulange, jengo la baraza la Buganda linaloitwa Lukiiko, kuna barabara moja iliyonyooka yenye urefu wa yapata maili moja. Jina lake ni Kabaka Anjagala. Kwa Kiswahili tungesema "Kabaka Ananipenda". Kando yake imepandwa miti, na zimewekwa alama za koo za Buganda, kila ukoo na mnyama, samaki au mmea wake. Anayepita hapo hupita mbele ya taifa zima.

Katikati ya barabara hiyo pana mzunguko unaoitwa Nantawetwa. Jina hilo tungeweza kulifasiri kuwa "asiyepindishwa". Madereva wote, awe waziri, balozi au kijana wa bodaboda, hufika hapo na kuuzunguka kama mizunguko mingine. Lakini katikati ya mzunguko huo imepita njia iliyonyooka, nayo ina lango. Lango hilo hufunguliwa kwa Kabaka peke yake. Yeye hazunguki. Anapotoka Lubiri kwenda Bulange kufungua Lukiiko, hupita moja kwa moja.

Wanafunzi walisimama hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Wengi wao hupita pale kila wiki. Hawakuwa wamewahi kujiuliza kwa nini wao wanapinda. Hapa ndipo tulipopata somo letu la usanifu wa majengo bila kutumia istilahi yoyote ngumu. Mnara wa mwaka 1954 uliwekwa ili watu waukumbuke ujio wa mtu aliyepita mara moja. Nantawetwa haitaki kumbukumbu ya mtu. Inamfanya kila mpitaji, ajue asijue, atoe heshima kwa usukani wake, na huyo mfalme hata akiwa hayupo, njia yake iko wazi ikimngoja.

Jengo lililorudi na mfalme

Tuliendelea hadi Bulange. Jengo hili nalo ni mtoto wa mgogoro wa 1953. Mazungumzo yalifanyika Namirembe mwaka 1954 chini ya usimamizi wa msomi Sir Keith Hancock. Mwezi Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaona kwamba kifungu cha Mkataba wa 1900 kilichotumiwa kumwondoa Kabaka kilitumiwa isivyostahili. Tarehe 17 Oktoba 1955 Mutesa wa Pili akarudi. Umati ulijipanga njiani kutoka Entebbe hadi Mengo, na ndevu zikanyolewa.

Mwaka huohuo ujenzi wa Bulange ulianza, ukakamilika mwaka 1958. Inasimuliwa kuwa umbo lake lilitokana na jengo ambalo Kabaka alilipenda alipokuwa ng'ambo. Ikiwa ndivyo, basi uhamisho ule uliacha alama ambayo Gavana hakuikusudia: mfalme aliyepelekwa Uingereza kwa nguvu alirudi na picha ya jengo kichwani, akaisimamisha upande wa pili wa barabara inayotazamana na ikulu yake.

Lakini majengo ya kifalme hayana kinga. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali kuu liliishambulia Lubiri. Mutesa wa Pili alitoroka na kwenda tena Uingereza, na safari hii hakurudi akiwa hai. Alifariki London mwezi Novemba 1969, na mwili wake ukaletwa nyumbani na kuzikwa Kasubi mwaka 1971. Falme zilifutwa kwa katiba ya mwaka 1967. Lubiri ikawa kambi ya jeshi. Bulange ikawa makao makuu ya jeshi, nayo ikabandikwa jina jipya, Republic House, yaani Nyumba ya Jamhuri. Ni katika miaka ya 1990, baada ya falme kurejeshwa mwaka 1993 na Ronald Muwenda Mutebi wa Pili kutawazwa, ndipo majengo hayo yalipowarudia wenyewe. Leo hatujakutana na Mganda hata mmoja anayeliita jengo lile kwa jina la Jamhuri. Jina lililobandikwa kwa nguvu lilibanduka lenyewe.

Ujenzi wa migomba

Kuna aina nyingine ya ujenzi ambayo tungefanya kosa tusipoitaja, kwa kuwa haionekani katika picha za watalii. Kabaka anapotembelea masaza yake, wananchi hupamba njia. Huchimbia migomba kando ya barabara, hufunga matete na kuyapinda kuwa matao, hutandaza nguo za lubugo. Kazi hiyo hufanywa kwa mikono na kwa siku chache. Wiki moja baadaye migomba imenyauka, na mbuzi wamekula kilichobaki.

Mtu anaweza kusema basi hiyo si alama. Sisi tunadhani ni alama yenye nguvu kuliko zege, kwa sababu haikai barabarani, inakaa mikononi mwa watu. Mwaka wa 1967 serikali iliweza kuuchukua Bulange, lakini haikuweza kuchukua ujuzi wa kufunga tao la matete. Falme ziliporudi baada ya miaka 26, matao nayo yalirudi, na hakuna aliyehitaji kuagiza mkandarasi.

Mgeni alipokuja mara ya pili

Malkia Elizabeth alirudi Uganda Novemba 2007, miaka 53 baada ya ziara ya kwanza, wakati Kampala ilipoandaa Mkutano wa Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Madola. Safari hii Kabaka alikuwepo, na nchi ilikuwa huru kwa miaka 45. Tarehe 22 Novemba Malkia alilihutubia Bunge la Uganda. Wakazi wa Kampala waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka jinsi barabara ya Entebbe ilivyotengenezwa na kupambwa, jinsi hoteli zilivyochipuka, na jinsi iliyokuwa Hoteli ya Nile ilivyopata sura mpya na jina la Serena.

Wanakumbuka pia yaliyofuata. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliyachunguza matumizi ya fedha za mkutano ule, na mjadala ulidumu miaka kadhaa. Kwa hiyo katika methali yetu liliongezeka swali jingine: kuku aliyechinjwa alikuwa wa nani, na nani alilipa?

Majina yanapofutwa

Tunaandika haya kwa sababu muda hautungoji. Mradi wa barabara za juu umeyabadilisha kabisa makutano ya Clock Tower, na anayeyakumbuka ya miaka 20 iliyopita asingeyatambua. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mahakama Kuu iliiagiza mamlaka ya Jiji la Kampala iyaondoe majina ya watawala wa kikoloni katika barabara na maeneo ya umma. Majina kama Queen's Way, na lile la Prince Charles Drive huko Kololo, ambalo ni la mtoto aliyekuwa na miaka mitano tu mama yake alipokuja kufungua bwawa, yaliingia katika mjadala huo.

Sisi hatuna ugomvi na kubadilisha majina. Bwawa la Owen Falls siku hizi ni Nalubaale, na umeme haujakataa kutoka. Hifadhi ya Malkia Elizabeth iliwahi kuitwa Ruwenzori kwa miaka mingi kisha ikarudishiwa jina la awali, na tembo hawakujali. Hofu yetu ni nyingine. Jina likifutwa kimyakimya, pamoja nalo hufutika swali la kwa nini liliwekwa. Mtoto atakayezaliwa mwaka huu hatajua kwamba mwaka 1954 Kampala ilijenga mnara kwa ajili ya malkia mmoja huku mfalme wake akiwa uhamishoni. Akishapoteza habari hiyo, hataelewa kwa nini babu yake alikataa kunyoa ndevu, wala kwa nini Bulange ilijengwa mwaka ule ilipojengwa, wala kwa nini neno "shirikisho" bado linazua maneno mengi katika Buganda hadi leo, wakati sisi wa Kiswahili tunalitamka kwa wepesi katika somo la Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ndiyo maana tunapendekeza kwamba, popote jina la zamani litakapoondolewa, kibao kidogo kiwekwe chenye sentensi tatu: hapa paliitwaje, kwa nini, na nani hakuwepo. Sentensi hizo ziwe kwa Luganda, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Idara yetu iko tayari kusaidia kuandika zile za Kiswahili.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Aliporudisha insha yake wiki iliyofuata, alikuwa amejibu swali lake mwenyewe. Aliandika kwamba saa ilikuwa ya Malkia siku tatu, ikawa ya Gavana miaka minane, na tangu hapo imekuwa ya abiria. Tulimsahihisha upatanisho wa kisarufi katika sehemu mbili na tukampa alama nzuri.

Tunawaomba wasomaji wetu wa Jinja, Hoima, Fort Portal, Mbarara na kwingineko watutumie maelezo ya alama kama hizi katika miji yao: jengo, mti, barabara au jina tu. Mtakapokwenda kuuliza, msiulize nani alikuja peke yake. Ulizeni pia mwenyeji alikuwa wapi siku hiyo.